Nyamoita wa karatasini na jina lililokwama

Saa mbili na robo asubuhi, Drusilla Mose anamvalisha tai mzee aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita.

Mzee mwenyewe hayupo. Iliyopo ni picha yake ya kitambulisho, ndogo kama stempu, ambayo wanawe wameileta dukani ikiwa imefungwa ndani ya leso. Kwenye kompyuta ya Drusilla picha hiyo imekuzwa mpaka uso wa marehemu umejaa kioo kizima. Suti ya kijivu imeshakaa mabegani. Tai ya buluu inasogezwa polepole kwa kipanya, hadi fundo linatulia chini ya koo.

"Maisha yake yote hakuwahi vaa tai," anasema Sheila, binti ya marehemu, aliyesimama nyuma ya kiti. "Lakini weka tu. Watu wa kanisa watakuwa wengi."

Drusilla anaweka. Anaondoa mikunjo miwili chini ya macho, anaziba pengo la meno, kisha anayafungua kidogo macho ambayo mpiga picha wa serikali aliyakuta yakitaka kufumba. Baada ya dakika ishirini mzee amepungua miaka kumi na mitano na anafanana na mtu aliyewahi kuwa diwani. Sheila anamtazama kwa muda, kisha anasema ni sawa, ingawa sauti yake haijashawishika.

Hapa ni dukani kwa marehemu Gopal, katikati ya mji wa Kisii, mahali panapouzwa madaftari, kalamu na bahasha, na ambapo kwenye kona ya nyuma hutengenezwa vijitabu vya mazishi. Jumatano ndiyo siku ya kutoka jasho. Waadventista ni wengi upande huu, na hakuna anayetaka mazishi yaguse Sabato, inayoanza jua likitua Ijumaa, hivyo wafiwa wengi huzika Alhamisi na Ijumaa. Maana yake ni kwamba Jumatano kila mtu anataka kijitabu chake, na anakitaka jana.

Drusilla, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ameifanya kazi hii kwa miaka tisa. Hulipwa shilingi elfu kumi na tisa kwa mwezi. Kwa hesabu zake za harakaharaka, amewatengeneza sura marehemu zaidi ya elfu nne, na kati yao ni wachache mno walioenda kaburini wakiwa na makunyanzi.

"Watu hawaniambii nidanganye," anasema. "Wananiambia nimpendezeshe. Nami nilijifunza kupendezesha bila kuuliza."

Lakini kinachomfanya ajulikane kuanzia Keroka hadi Nyanchwa si vijitabu vya mazishi. Ni roboti.

Kila Ijumaa, kwa miaka zaidi ya miwili, Drusilla amekuwa akitoa kurasa nne za hadithi ya picha aliyoibuni na kuichora mwenyewe kwa mtindo wa Kijapani uitwao manga, wenye macho makubwa na mistari mingi ya mvua. Hadithi inaitwa Nafasi Iliyobaki. Karatasi moja ya kawaida hukunjwa mara moja, huuzwa shilingi ishirini kaunta, na wiki nzuri huondoka nakala mia tatu na hamsini. Wasomaji wake ni wanafunzi, wauguzi, wachuuzi wa ndizi na waendesha bodaboda.

Mambo hayakuanza vizuri hivyo. Toleo la kwanza alilipanga kama Wajapani wanavyofanya, la kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hakuna aliyemwonya msomaji wa Kisii. Watu walianza kushoto kama walivyofunzwa darasa la kwanza, wakakuta wapenzi wanaagana, kisha wanapendana, kisha hawajuani kabisa. Mama mmoja alirudisha nakala yake akidai kurasa zimefungwa kinyume. Kuanzia toleo la pili Drusilla akawaacha Wajapani na mtindo wao wa kusoma.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 2090. Vilima vya Nyamira bado ni vya chai, ila wachumaji ni mashine. Mashine hizo zimeundwa kwa umbo la wanawake wenye vikapu mgongoni, kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo wanapenda kuona picha ya mwanamke na kikapu kwenye pakiti. Kila msimu ukiisha, kiwanda hufuta kumbukumbu za mashine zote ili zianze upya.

Mmoja wao, Nyamoita, anampenda Omwenga, fundi anayemrekebisha. Hapo ndipo shida inapoanza. Akikubali kufutwa kila msimu ataishi milele, lakini hatamjua Omwenga. Akikataa atamkumbuka, lakini kumbukumbu zitajaa kidogokidogo kama pipa, na siku zitakapofika ukingoni atazimika na hatawashwa tena.

Nyamoita alikataa. Tangu siku hiyo, chini ya kila ukurasa wa mwisho, Drusilla huandika nafasi aliyobakisha. Wasomaji wameitazama ikishuka kutoka miaka arobaini hadi kumi, hadi miezi, hadi wiki. Omwenga amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe, magoti yanamuuma. Nyamoita bado ana sura ileile ya siku ya kwanza, kwa kuwa kila jioni Omwenga hukaa naye kibarazani na kitambaa na mafuta, akifuta kila mkwaruzo alioupata shambani.

Katika toleo la themanini na nane, nafasi iliyobaki ilisomeka: siku moja.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Toleo la themanini na tisa halijatoka.

Si kwamba Drusilla ameacha kuchora. Kila Ijumaa karatasi inatoka, bila namba ya toleo, lakini inazunguka mbuyu. Kuna wiki alichora maisha ya ng'ombe wa Omwenga. Wiki nyingine alimpa jirani wa Omwenga kesi ya mpaka iliyokula wiki tano. Wasomaji wamevumilia, wengine kwa kununa.

Bosire, mwendesha bodaboda anayemteremsha Drusilla kutoka Nyanchwa kila asubuhi, ni miongoni mwa wale wanaotaka hadithi isiishe kamwe. Ameshamwambia waziwazi. "Dru, ukimuua huyo Nyamoita, utakuwa unatembea na miguu. Mimi sitabeba muuaji." Anasema kwa utani, lakini amehifadhi matoleo yote themanini na nane chini ya kiti cha pikipiki, ndani ya mfuko wa nailoni.

Wengi hudhani Drusilla anachelewesha ili auze zaidi. Ukweli ni mwingine kabisa, nao uko Ikonge, kijijini kwao.

Nyamoita alikuwa dada yake.

Alimzidi Drusilla miaka minne. Alipokuwa mdogo aliugua koo ambalo halikutibiwa, na ugonjwa ukashuka hadi kwenye moyo. Akiwa na miaka kumi na tisa, daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba moyo wake hautafika uzeeni, na kwamba akibeba mimba hautafika hata siku ya kujifungua. Wachumba walikuja wawili. Nyamoita aliwapikia, akawaambia ukweli, na hawakurudi. Akaendelea kuchuma chai ya mama yake hadi mwezi Machi, miaka mitatu iliyopita, alipofariki akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili.

Kijitabu cha mazishi alikitengeneza Drusilla. Nani mwingine angekitengeneza? Alifanya kazi siku nzima akilia na kujifuta, macho kwenye kompyuta, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoea. Akalainisha ngozi. Akaondoa uchovu. Akapeleka nakala mia mbili nyumbani akidhani amemfanyia dada yake jambo jema la mwisho.

Mama yao, Yunuke, alipokea nakala, akaitazama, akauliza kwa Kikisii huyu ni nani.

Drusilla alikuwa ameondoa kovu.

Lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto, refu kama nusu ya kidole. Nyamoita alilipata akiwa na miaka minane, akiwa amembeba Drusilla mgongoni kuvuka kijito chini ya shamba lao. Aliteleza. Mtoto anayeanguka hutanguliza mikono, lakini mikono ya Nyamoita ilikuwa nyuma ikimshikilia mdogo wake, basi akatanguliza uso. Drusilla hakupata hata mchubuko.

"Nilifuta bila kujua ninafuta," anasema. "Ningekumbuka kila kitu kingine. Lile kovu lilikuwa langu, na mimi ndiye niliyelitoa."

Mama Yunuke hakumgombeza. Alikiweka kijitabu juu ya kabati, kikiwa kimefunikwa kifudifudi, na hakukigusa tena.

Miezi mitano baadaye Drusilla alianza kuchora roboti mwenye sura ya ile picha, laini, isiyo na alama yoyote. Akampa jina la dada yake. Akampa pia kile ambacho dada yake alinyimwa, mwanamume anayejua atampoteza na bado hakimbii. Kwao jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenye jina kufariki, lakini Drusilla hakuwa na mtoto, wala mpango wa kupata. Alikuwa na penseli.

Hakufikiria kwamba Ikonge nako kunasomwa. Kaka yake, Job, alianza kununua nakala na kuzipeleka nyumbani. Majirani wakaanza kumsalimia Mama Yunuke sokoni wakimuuliza Nyamoita wake anaendeleaje, ameshaolewa, bado yule mzee anampaka mafuta? Walikuwa wanatania kwa upendo. Naye alikuwa anajibu kwamba hajambo.

Kisha, miezi saba iliyopita, mke wa Job, Sharon, akajifungua msichana.

Nyumba nzima ilijua jina. Hata wauguzi zahanatini walikuwa wameambiwa. Mtoto alipewa jina la kanisani, Purity, na likabaki la pili, lile la ukoo. Job alipomgeukia mama yake aliseme, mama yake akakataa.

Job anakumbuka alivyosema, neno kwa neno. "Alisema jina hilo lina mtu. Yule wa Drusilla bado anatembea, anakula, anapakwa mafuta. Akishamzika, ndipo tulichukue."

Job alidhani mama anatania. Drusilla alipopigiwa simu alidhani mama amekasirika. Ilichukua wiki kadhaa wote wawili waelewe kwamba hatanii wala hajakasirika. Tangu hapo, kadi ya kliniki ya mtoto imekaa na pengo mahali pa jina la pili. Mtoto ameota meno mawili. Anaitwa Purity, na bibi yake humwita "mgeni".

Mama Yunuke si mtu wa ramli. Ni Mwadventista wa miaka mingi, mwenye Biblia iliyochakaa pembeni, na swali la iwapo anaamini roboti wa karatasini ana roho linamchekesha.

"Karatasi ni karatasi," anasema kwa Kikisii, Job akitafsiri. "Mimi nilimzika binti yangu. Nilirusha udongo kwa mkono huu. Huyu mdogo wake hakurusha. Alisimama pale na vile vijitabu kifuani, akawa anawagawia watu. Nikimpa mtoto jina leo, Drusilla atamtazama huyu mtoto akitafuta mwingine. Hiyo ni kumwonea mtoto."

Basi pande mbili zikamvuta Drusilla. Huku wasomaji mia tatu na hamsini wanamsihi asimuue. Kule mtoto mmoja, asiyejua kuongea, anasubiri jina. Na katikati yupo yeye, ambaye kila Ijumaa alifika mezani akiwa na nia ya kuchora siku ile ya mwisho, akaishia kuchora ng'ombe.

Wiki ambayo makala haya yanaandikwa, siku zilikuwa zimemwishia. Sabato hiyo mtoto angewekwa wakfu kanisani Ikonge, na mchungaji alishasema anahitaji majina yote. Job hakumsukuma dada yake. Alimtumia ujumbe mmoja tu Jumatatu, kwamba kama haitawezekana watamtafutia mtoto jina lingine, kuna shangazi zao waliofariki, na hakuna atakayemlaumu.

"Hapo ndipo niliposhtuka," anasema Drusilla. "Nilijua mama akishampa jina lingine, limepita. Jina la Nyamoita litabaki kwenye mchoro wangu, na mimi nikifa litaisha."

Turudi Jumatano, dukani.

Saa tano kasorobo Sheila anarudi. Safari hii hasimami nyuma ya kiti. Anakaa, anaweka mkoba magotini, na anaonekana kuwa na haya.

"Samahani, madam. Itabidi utoe hiyo tai."

Mama yao, anaeleza, ameonyeshwa picha kwenye simu na ameikataa. Amesema mume wake alikuwa na shingo ya kubeba magunia ya majani chai na hamjui bwana huyu. Ametaka pia mikunjo irudishwe, na pengo la meno, kwa kuwa pengo hilo alilipata akifungua soda kwa meno siku ya harusi yao na wamelicheka miaka arobaini na sita.

Mfanyakazi mwingine angeguna. Kurudia kazi siku ya Jumatano ni adhabu, na foleni imefika mlangoni. Drusilla anageukia kioo. Kisha anaanza kutoa. Inatoka tai, linatoka koti, linarudi shati lenye kola iliyojikunja. Mikunjo inarejea chini ya macho. Pengo linafunguka. Macho yanalegea kuelekea kufumba, kama mpiga picha alivyoyakuta.

Sheila anaweka mkono mdomoni. "Eh. Baba," anasema, na analia hapohapo, mbele ya watu wa foleni, na hakuna anayemharakisha.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Drusilla hakutoka. Alikaa nyuma ya mashine ya fotokopi na karatasi nne nyeupe, penseli, na kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba. Alikaa robo saa nzima bila kuweka mstari.

Jashoda, mjane wa Gopal na mwenye duka, alimwona. Ana miaka sabini na moja, alizaliwa mji huuhuu wa Kisii, na husoma Nafasi Iliyobaki kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu karatasi ni yake. Alivuta stuli akakaa.

"Sisi Wahindi tunachoma maiti," alimwambia. "Gopal aliisha asubuhi moja. Lakini hapa dukani bei yote alikuwa ameandika yeye, na mkono yake, kwa vile vikaratasi. Daftari, rula, yote. Mimi sikubadilisha bei miaka nne, Drusi. Kila kitu inapanda huko nje, mimi nauza bei ya Gopal. Manish akanipigia kelele, Mama, tutafunga duka. Siku ile nilitoa vikaratasi nililia kama mtoto." Akachora tarakimu hewani kwa kidole. "Lakini mkono yake bado najua. Hata sasa naweza kuandika tano kama yeye."

Manish ni mwanawe, na bei, kama mteja yeyote atakavyokuthibitishia, zimeshapanda.

Jashoda alipoondoka, Drusilla akachora.

Katika toleo la themanini na tisa, Omwenga anamuuliza Nyamoita angependa kuitumiaje siku iliyobaki. Anaweza kumpeleka kuona ziwa. Anaweza kumpeleka mjini. Nyamoita anasema anataka kwenda kazini. Wanashuka pamoja hadi kijitoni, na hapo wanamkuta mtoto wa jirani anayeogopa kuvuka. Nyamoita anambeba mgongoni. Katikati ya maji anateleza, na mikono yake iko nyuma imemshika mtoto.

Jioni Omwenga anakaa kibarazani na kitambaa chake na mafuta, kama alivyofanya kwa miaka arobaini. Juu ya nyusi ya kushoto ya Nyamoita kuna ufa, urefu wa nusu ya kidole. Mzee anainua mkono kuufuta. Nyamoita anaushika mkono huo.

"Huu uache," anamwambia. "Nikiondoka nao utanijua."

Picha inayofuata ni uso wake peke yake, ukurasa mzima, na kovu. Chini, mahali pa nafasi iliyobaki, hakuna kitu kilichoandikwa.

Drusilla aliumaliza ukurasa huo kabla ya saa tisa. Anasema hakulia. Alihisi njaa, akaenda kununua ndizi choma.

Ijumaa asubuhi nakala mia tatu na hamsini ziliisha kabla ya saa nne, na Jashoda akaamuru zitolewe mia mbili zaidi. Muuguzi mmoja alisoma akiwa amesimama mlangoni, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa sare yake na kuondoka bila kuaga. Bosire alisoma akiwa juu ya pikipiki. Alipomaliza alifungua kiti, akaiweka nakala juu ya zile themanini na nane, akafunga.

"Umemuua," alisema.

Drusilla alikubali kwamba amemuua.

Bosire alipanda tena pikipiki. "Lakini ile alama umemwekea iko poa. Sasa anakaa kama mtu." Kisha akamwambia apande, kwa sababu gari la Ikonge halimngoji mtu na jua la Sabato halingoji gari.

Saa kumi na moja jioni Drusilla alikuwa jikoni kwa mama yake. Mama Yunuke alikuwa amemaliza kazi za maandalio, nyumba imefagiwa, chakula cha Sabato kimeshapikwa. Drusilla alitoa karatasi kwenye begi, akampa, akasogea karibu na Sharon aliyekuwa anamnyonyesha mtoto.

Kiswahili cha kusoma humpa Mama Yunuke taabu, hivyo alifuata picha. Alipita kwenye kijito polepole. Alipofika ukurasa wa mwisho alisogea mlangoni penye mwanga. Aliweka kidole juu ya nyusi ya kushoto ya mchoro akakiacha hapo.

"Huyu namjua," alisema. "Huyu ni wangu."

Kisha akamwita Drusilla. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakiegemeza begani mwake, na Drusilla akalia kilio alichodaiwa kwa miaka mitatu. Kilikuwa kirefu. Job alitoka nje kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Walipotulia, Mama Yunuke alimwagiza Sharon alete kadi ya kliniki. Aliikagua, akatafuta kwa macho aliye na kalamu, na aliyekuwa nayo ni mmoja tu.

Drusilla aliandika jina la mpwa wake kwa kalamu ileile nyeusi yenye ncha nyembamba, kwenye pengo lililokaa wazi miezi saba. Purity Nyamoita. Aliandika kwa herufi za kawaida, bila pambo. Jua lilikuwa bado halijatua.

Kesho yake kanisani jina lilisomwa mara moja, likaenda, kama majina mengine. Mtoto alikuwa amelala.

Sasa Drusilla ana mipango miwili. Wa kwanza ni mdogo, na ameshauanza kazini. Kila mfiwa anayekaa kwenye kiti kile cha nyuma anaulizwa, kabla kipanya hakijaguswa, iwapo kuna chochote usoni mwa marehemu ambacho hataki kiondolewe. Wengi husema toa vyote. Wachache hufikiri kwanza, kisha wakaonyesha kwa kidole. Kijitabu cha kwanza alichokichapa upya kilikuwa cha dada yake, nakala moja tu, yenye kovu lake. Hiyo haikai juu ya kabati. Mama Yunuke ameiweka ndani ya Biblia.

Mpango wa pili ni mrefu, na anakiri hauko mikononi mwake peke yake. Anataka kumchora Purity Nyamoita mara moja kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, mpaka mmoja wao ashindwe.

"Nimchore akiwa na miaka mitano, na kumi, na akiwa na mvi nikijaliwa kufika huko," anasema. "Chochote kitakachoingia kwenye uso wake nitakiweka. Sitamfutia kitu."

Siku ya kuzaliwa bado iko mbali, lakini hakuweza kungoja. Jumapili, kabla hajarudi mjini, alikaa kwenye ngazi ya jikoni akamchora mtoto akiwa mapajani mwa bibi yake. Mashavu, meno mawili, na ubavuni mwa pua mkwaruzo mdogo mwekundu ambao mtoto alijitia mwenyewe kwa ukucha wake asubuhi hiyo.